Kiunga cha bibi Likoni kimegeuka msitu, nianzie wapi jamani?

mjukuu_wa_likoni

Assalam aleikum wadau, habari zenu nyote. Naomba mnipe mawazo manake mimi hapa nimekwama. Bibi yangu mzaa mama alituacha mwaka juzi, Mungu amrehemu, na alikuwa na kiunga chake Likoni upande wa kuelekea Shelly, si kikubwa, kama futi 40 kwa 60 hivi nyuma ya nyumba. Alipokuwa na nguvu zake sisi hatukujua kununua pilipili wala ndimu wala mrehani, kila kitu kilitoka pale, hata vikuba vya harusi ya dadangu vilitungwa kwa asumini za pale pale. Sasa tangu alipoanza kuugua mpaka leo ni kama miaka minne hakuna mtu aliyetia jembe, wajomba wamekaa wakasema anayekitaka akilime lakini kisiuzwe, na mimi nikainua mkono.

Jumapili nikavuka feri na slasha yangu nimeifunga kwenye gunia nikaenda kuangalia. Jamani. Nyasi zimenipita kichwa, kuna majani ya kutambaa yamepanda mpaka juu ya mwembe, ukutani kuna rundo la mawe na vifuu na taka ambazo sijui ni za nani. Nimefyeka saa tatu nzima nikapata nafasi ya kutandika msala mmoja tu, mikono yote malengelenge. Nikajaribu kuchimba hapo hapo nikagonga jiwe, hata shubiri moja sijafika. Kisima kipo ila maji yake ukionja yana chumvi chumvi.

Mimi nakaa Majengo na nafanya kazi siku sita, kwa hivyo nina Jumapili na labda jioni moja katikati ya wiki. Pesa nyingi sina. Sai ni mwisho wa Januari na nataka masika yakija yanikute niko tayari. Swali langu ni nianzie wapi? Nilime chote kwa pamoja ama nusu nusu? Kuna mtu kazini ameniambia ninunue dawa ya kuua magugu nipige pote niachane na slasha. Nisaidieni tafadhali, sitaki kukiachia tena hiki kiunga.

chapchap_changamwe

Dada usijitese hiyo ni kazi ya siku mbili. Tafuta vijana watatu wenye panga, wafyeke chote, wakusanye katikati, ikikauka piga kiberiti na majivu yenyewe ni mbolea. Ukimaliza hapo ni jembe tu. Sisi kwetu Rabai tulifanya hivyo kwenye shamba la mzee na mahindi yalitoka vizuri kabisa. Ukienda na slasha peke yako kila Jumapili, wewe ukikata huku kule kunaota, masika itakukuta bado uko mlangoni.

babu_wa_mikanju

Waleikum salaam mwanangu, na pole sana. Nimefurahi kwamba umeinua mkono, manake viunga vya wazee wetu vingi vishakuwa fleti.

Huyo ndugu wa Changamwe namuelewa na kule Rabai huenda ikafaa, udongo ni mwengine na nafasi iko. Lakini moto hapo Likoni mimi naukataa. Kaskazi ya sai yavuma kavu, na jirani akiwa na makuti hata kwenye kibanda cha jiko tu, cheche moja yatosha. Halafu kuna hilo jiwe ulilogonga. Hilo ni tumbawe, ilikuwa bahari zamani, na udongo unaokaa juu yake una chokaa nyingi tayari. Majivu nayo yana tabia ile ile ya chokaa. Kwenye udongo mwekundu wa bara ulio mchachu majivu ni dawa, kwenu yatazidisha maradhi. Utaona majani yageuka manjano na mishipa yake yabaki kijani, utadhani ni kiu, umwage maji na yasisaidie, kumbe madini ya chuma yamo ardhini ila mizizi haiwezi kuyavuta kwa sababu ya ile chokaa. Mimi mindimu yangu hapa Kisauni ilinihangaisha miaka miwili kabla sijaelezwa hilo.

Tumbawe hutibiwa kwa majani yanayooza, basi. Ukipata nafasi nenda Bamburi, Haller Park. Watu huenda kuangalia twiga na viboko, wewe angalia chini ya miguu yako. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha simiti, jiwe tupu, hata konzi ya udongo hakuna. Mwaka 1971 René Haller akaanza kupanda miti, mingi ikafa, mivinje ikasimama. Lakini majani ya mvinje yakianguka yakawa yakaa tu hayaozi, mpaka wakaletwa majongoo, wale wenye miguu myekundu, wakayala, na kile kinyesi chao ndicho kilichoanza kuwa udongo. Leo pale ni msitu. Kwa hivyo ukikutana na jongoo kiungani kwako mpishe apite, na hayo majani yote utakayofyeka usiyachome wala usiyatoe nje, hiyo ndiyo mbolea yako ya kwanza na ni ya bure.

Sasa nisikilize hapa kwa makini. Usiwaingize watu wa panga kabla hujajua kilichomo ndani. Umesema bibi alikuwa na ndimu, pilipili, mrehani, asumini. Asumini iliyofunikwa miaka minne ukiitazama haina tofauti na kichaka, na kijana unayemlipa kwa siku hatouliza, atapitisha panga aende zake. Nenda na mama yako, au mjomba mkubwa, mtu aliyekuwa akiingia humo bibi akiwa hai. Mwende polepole, kila mnachokitambua mkifunge kitambaa chekundu. Minazi nayo muulize ni ya nani, hapa pwani ardhi yaweza kuwa ya huyu na mnazi ukawa wa yule, kama vile nyumba zetu nyingi za mjini zilivyojengwa juu ya ardhi ya mtu mwengine. Na bikoni, zile alama za mpaka, mzitafute mapema, jirani awepo, ili kesho asije mtu akasema umemlimia kwake.

mama_bustani_bamburi

Babu umenena, hasa hapo kwa vitambaa vyekundu.

Dadangu mimi nataka nikurudishe kwenye kitu ulichokisema mwenyewe halafu ukakipita, kwamba utaenda mara moja au mbili kwa wiki. Hiyo ndiyo itakayoamua upande nini. Sukuma, mchicha, mnavu na nyanya kwa jua letu hili zataka mtu wa kuziangalia kila siku zikiwa bado changa, na wewe uko ng'ambo ya feri. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilipanda miche 80 ya nyanya na wakati huo nilikuwa nafanya kazi Mtwapa narudi usiku, sikula hata moja, na kilichoniuma si pesa ni kwamba nilikata tamaa nikaacha shamba mwaka mzima, nikadhani sina mkono wa kulima. Mkono nilikuwa nao, nilichokosa ni nafasi ya kwenda.

Kwa hivyo mwaka huu panda vitu ambavyo mvua ikishavishika vinajitegemea. Mbaazi iwe ya kwanza. Mzizi wake unashuka chini sana, unatafuta nyufa za hilo tumbawe ambazo jembe lako halifiki, na inatia rutuba ardhini yenyewe kama kunde. Itachukua miezi lakini hebu fikiria Jumapili moja mbaazi za nazi na mahamri na mbaazi zenyewe zimetoka kwa bibi. Kunde, hizo wiki ya nne hivi ushaanza kuchuma majani. Viazi vitamu, manake matembele unakula na huku yanatambaa yanaifunika ardhi nyasi zisipate jua. Muhogo pia, vipande vya shubiri moja moja, ila usichukue mbegu kwa mtu yeyote tu. Ule muhogo wa Kibandameno ni mtamu hakuna anayebisha lakini unashikwa sana na ule ugonjwa wa michirizi, mti juu unauona mzima na ukichimba muhogo umeoza ndani una madoa ya kahawia. Pita KALRO pale Mtwapa uwaulize mbegu safi, ndio watu wa utafiti wa mazao ya pwani.

Na usilime chote. Chagua sehemu mbili, karibu na mlango au karibu na kisima, kila moja futi 4 kwa 10. Futi 4 ni ili ufike katikati kwa mkono toka pande zote mbili bila kukanyaga ndani. Hizo mbili uzipende mpaka zikae sawa, kwengine kote wewe fyeka tu kwa slasha kila ukienda, usiache nyasi zitoe mbegu, hiyo pekee kwa mwaka wa kwanza yatosha.

Sehemu zako hizo mbili usianze na jembe. Fyeka mpaka chini kabisa, mwaga maji, halafu tandika katoni. Zile za madukani, toa selotepu zote, zipandane kama bati za nyumba kusibaki mwanya, loweka tena, juu yake weka mbolea ya mbuzi iliyokaa na majani uliyofyeka na makumbi ya nazi ukiyapata, hayo yanashika maji ajabu. Weka mwanzo wa Februari na kila ukienda mwagia ndoo mbili tatu. Mvua za Aprili zikija utatoboa shimo tu uweke mbegu. Kwenye jiwe kama hilo udongo unaujenga kwenda juu, chini huna pa kwenda.

jembe_halichoki

Mama bustani niko na wewe kwenye katoni lakini kabla hajatandika achunguze nyasi aina gani, manake zikiwa ndago katoni peke yake haitoshi. Ng'oa moja, shika shina lake uliviringishe kati ya vidole. Likiwa na pembe tatu, halizunguki vizuri, na chini ukifukua ukakuta vidonge vyeusi vya harufu vimeunganishwa na uzi kama tasbihi, basi hiyo ni ndago. Ina ncha kama sindano, hata plastiki nyeusi inatoboa ikatokea juu, nimeona kwa macho yangu.

Na ndago ukiilima kwa jembe wakati wa mvua umeisambaza, kila kidonge ulichokikata kwenye ule uzi kinaamka peke yake. Dawa nayo inaunguza jani juu na ile iliyoamka, vile vidonge vilivyolala chini vinangoja, mwezi ujao uko pale pale. Halafu hiyo dawa haijui asumini ya bibi wala pilipili, ikipeperushwa na upepo inapiga kila kitu, na wewe una kisima hapo hapo. Mimi nisingepiga.

Dada una bahati moja, sai ni kiangazi. Sehemu yenye ndago fukua kwa beleshi au uma, upindue vile vidonge juu viwe wazi kwa jua, uviokote uwezavyo, na vitakavyobaki juu juu vitakauka vife. Rudia Jumapili mbili tatu. Usimwagilie hapo kabisa. Halafu masika ikija weka viazi vitamu au kunde zibanane hapo, ndago haipendi kivuli. Haitaisha mwaka mmoja, usivunjike moyo, lakini itapungua.

chapchap_changamwe

Nimesoma yote na nimekubali, hasa la majivu sikulijua. Basi niongeze langu la nyoka manake hakuna aliyelitaja na mimi hizo kazi za kufyeka nimezifanya sana.

Vaa gamubuti, si sandozi. Kabla ya kufyeka piga piga nyasi kwa fimbo ndefu na uanzie upande wa nyumba ukienda nje, ili kila kilichomo kipate njia ya kutoka, usizunguke pande zote ukakibana katikati. Lile rundo la mawe na vifuu usitie mkono hata siku moja, pindua kwa uma au kwa jembe la mpini mrefu, huko ndiko nge na swila hujificha. Swila akikutemea machoni ni maji safi mengi hapo hapo, kwa muda mrefu, halafu hospitali. Na juu ya mwembe angalia, kuna yule nyoka mwembamba wa kijani anayependa miembe na mikanju, ana sumu kali, usimsogelee wala usijaribu kumuua. Usiende peke yako siku ya rundo la mawe. Na simu iwe na chaji.

mjukuu_wa_likoni

Nimerudi wadau, shukran sana, nimezisoma jumbe zenu mpaka nimeziandika kwenye daftari.

Jumapili zilizopita mbili nilienda na mama. Niliwaambia wajomba wanisaidie kutafuta bikoni na tatu tumezipata, ya nne iko chini ya ukuta wa jirani na mjomba anazungumza naye kwa uzuri. Minazi yote miwili ni ya bibi mwenyewe, tulimuuliza mzee wa mtaa.

Tukaingia na vitambaa kama babu alivyosema. Mndimu tumeuona, umekauka upande mmoja tu. Mpilipili hatukuuona kabisa. Halafu karibu na bomba la zamani la maji kulikuwa na kichaka kimesongwa na yale majani ya kutambaa, mimi nishapita, mama akasimama. Akainama akashika kijiti kimoja cha kijivu akakikwaruza kwa ukucha, na chini ya gamba kulikuwa na kijani. Akasema hii ni asumini. Akakaa chini pale pale kwenye nyasi na lesso yake na hatukufanya kazi tena kama nusu saa. Kumbe bibi aliipanda mwaka aliozaliwa mama. Ningewaleta vijana wa panga ile Jumapili ya kwanza ingekuwa ishaenda.

Sasa nauliza, babu tafadhali, ile asumini niifanye nini? Nikate? Nimwagilie maji ya kisima yenye chumvi? Ina vijiti vingi vimekufa na chache ndizo zina majani.

Na nina la kuwaambia wengine, yale majani ya kutambaa kwenye mwembe kumbe mengine ni upupu. Sikujua. Nilivuta shina kwa nguvu saa saba ya mchana, maganda yamekauka, upepo ukavuma. Shingo na mikono yote iliwaka moto, nilitaka kulia. Nikataka kukimbilia maji, jirani mmoja mama mtu mzima akaniwahi akanisugua kwa majivu makavu ya jiko lake, halafu akanipaka matope akaniambia ningoje yakauke ndiyo tuyabandue. Yalisaidia lakini usiku sikulala. Ile nguo nimeiloweka peke yake.

mama_bustani_bamburi

Pole mamangu. Upupu usiuguse mchana wala siku ya upepo. Nenda alfajiri umande bado uko, maganda yakiwa mabichi kwa maji vile vinyweleo havipeperuki, jifunge kichwa na shingo, kata shina kwa chini tu na mengine yote uyaache yakauke huko juu ya mti, usiyavute. Mvua zikinyesha zitayaangusha zenyewe na yatakuwa hayana makali tena. Na hayo usiyatie kwenye mbolea.

Kuhusu maji. Kama ni chumvi kidogo tu mnazi hautajali, kunde na mchicha zitavumilia, lakini maharagwe, karoti na vitunguu hizo usijaribu. Ukiona juu ya udongo kunafanya ukungu mweupe kama unga, acha kumwagia kidogo kidogo kila siku, ni bora umwagie mengi mara moja yashuke chini na chumvi yake. La maana zaidi ni kukinga ya mvua. Ile nyumba ya bibi si ina bati? Kila milimita moja ya mvua kwenye bati la mita moja ya mraba ni lita moja. Ukiwa na upande wa bati wa mita 20 za mraba, mvua ya milimita 10, ambayo kwa masika ni ya kawaida kabisa, ni lita 200, yaani pipa zima. Weka mfereji na pipa moja sasa hivi kabla ya Aprili, na ulifunike kwa neti.

Hilo la neti nalisisitiza. Na vile vifuu vyote ulivyovisema ukutani uvigeuze au uvitoboe vyote, pamoja na makopo, manake kila kifuu chenye maji ni nyumba ya mbu wa homa ya denge. Mwaka 2017 hapa Mombasa sisi nyumbani tulilala watu wanne kwa wakati mmoja, hata wa kumpa mwenzake maji alikuwa hakuna.

babu_wa_mikanju

Mwanangu, mpe mama yako salamu zangu, na umwambie ana jicho.

Asumini hiyo haijafa. Lakini usiikate yote sasa kwenye jua hili, mti uliokaa kivulini miaka minne ukiuvua nguo siku moja utaungua. Februari hii wewe iondolee tu yale yanayoisonga, uyakate taratibu kwa mkasi si kwa kuvuta, na vile vijiti vilivyokufa kabisa, vile ukikwaruza ni vya kahawia mpaka ndani, uvitoe. Chini yake palilia kwa mkono si kwa jembe, mizizi yake iko juu juu. Weka mbolea ya mbuzi iliyooza, mbali kidogo na shina, ufunike kwa majani makavu. Maji ya kisima usiipe, chukua dumu moja la maji matamu kwa wiki, kwa mti mmoja haitakushinda.

Mvua zikishika, ardhi ikilowa barabara, hapo ndipo uikate yote mpaka usawa wa goti. Moyo utakuuma lakini kata. Itatoa matawi mapya kutoka chini na asumini huchanua kwenye matawi mapya. Na tawi moja lililo refu, la upande, usilikate. Lilaze chini, pale litakapogusa ardhi ulikwaruze kidogo upande wa chini, ulifukie udongo wa vidole vinne, uweke jiwe juu lisinyanyuke, ncha yake ibaki nje. Wiki kadhaa litakuwa na mizizi yake lenyewe. Ulitenganishe umpelekee mama yako kwenye chungu, hata likikaa kwenye kibaraza huko Majengo. Mti ulio mahali pamoja ni rahisi kupotea, ndio nakwambia hivi.

jembe_halichoki

Hiyo ya kulaza tawi nimeichukua na mimi.

Dada vipi ndago, ulichunguza?

mjukuu_wa_likoni

Jembe ndio ni ndago, upande wa ukutani wote, pembe tatu kama ulivyosema. Nimeshafukua Jumapili tatu, nimejaza ndoo mbili za vile vidonge. Chini yake nimekuta mifuko ya plastiki, ya kabla ya ile marufuku ya 2017 bila shaka, bado mizima na maandishi ya duka yanasomeka. Nimetoa gunia zima.

Katoni nimetandika sehemu mbili karibu na kisima. Nilienda Kongowea jioni moja mama mmoja wa mboga akanipa majani ya kabeji na maganda gunia mbili bure, nimeyatia chini ya makumbi. Pipa nimepata la mtumba, mfereji mjomba amefunga.

mjukuu_wa_likoni

Wadau ni Juni sasa na niliahidi kurudi.

Masika ilichelewa kidogo mwaka huu lakini ilipoanza ilianza kweli, pipa lilijaa usiku wa kwanza likamwagika. Nilipotoboa katoni zilikuwa laini kama mkate uliolowa na chini yake kulikuwa na majongoo, babu, wengi sana, nikawapisha. Mbaazi ziko gotini. Kunde nimechuma mara tatu, mara ya mwisho nikampelekea yule jirani aliyenipaka majivu. Viazi vitamu vimefunika ule upande wa ndago, bado inachomoza hapa na pale lakini naing'oa kwa mkono inatosha. Muhogo ni mitano tu, mbegu nimeitoa Mtwapa. Zile nyasi nyengine zote nafyeka tu, kama theluthi mbili ya kiunga bado sijaipanda kitu na sina haraka nayo.

Asumini niliikata katikati ya Aprili. Mama hakutaka kuangalia, alikaa ndani. Sai ina matawi kumi na moja mapya, nimeyahesabu, na jana jioni moja lilikuwa na vitumba vitatu. Lile tawi nililolilaza limeshika, nimelivuta kidogo kwa mkono halikutoka.

Sasa ninachouliza ni konokono. Wale wakubwa. Tangu mvua zianze wanakula kunde usiku na wiki iliyopita nimewakuta wawili kwenye asumini. Watu wanasema niwamwagie chumvi. Nifanye hivyo?

mama_bustani_bamburi

Mashallah, nimesoma mara mbili.

Chumvi hapana mamangu, udongo wako ushakuwa na chumvi ya kisima ya kutosha usiuongeze. Waokote kwa mkono na glavu, usiwashike mikono mitupu, kukiwa na giza au alfajiri mapema kabla jua halijatoka, tochi na ndoo yenye kifuniko. Siku ambayo huwezi kulala huko, tandika kipande cha gunia lililolowa karibu na asumini, asubuhi yule jirani wako alifunue tu, watakuwa wamejificha chini yake wote. Na majani makavu uliyoweka kwenye shina la asumini yasogeze nyuma kidogo mpaka mvua ipungue, hapo ndipo wanapolala mchana.

babu_wa_mikanju

Vitumba vitatu. Ukivichuma uvichume jioni kabla havijafunguka, uvitie kwenye kitambaa kibichi.